Penalti Mbele ya Shemeji

Sehemu ya saba

Wiki jana niliishia pale mwekezaji alipotupanga mstari kwenye uwanja wa kiwanda, kule Nyakato, Mwanza, akamuuliza kila mtu anaendesha mashine gani. Wenzangu walijibu. Zamu yangu ilipofika nilisema mimi nacheza namba tisa.

Akacheka, akanionyesha upande wa kushoto. Wa upande wa kushoto ndio tuliokuwa tunarudi nyumbani.

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: naitwa Opiyo, mzaliwa wa Shirati, na kazi niliyoifanya maisha yangu yote ni kufunga mabao katika madaraja ambayo redio haiyatangazi. Nimecheza timu ya misheni. Nimecheza timu ya wavuvi Musoma, ambako goti langu la kushoto lilipata ubovu wake. Nimecheza timu ya kiwanda mpaka kiwanda kikauzwa na timu ikafa siku hiyo hiyo. Kwenye kadi ya ligi nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mama yangu angewaambia vingine.

Sasa sikilizeni yaliyonipata Buzuruga.

Aliyeniokota ni Mzee Shimba, mwenye mabasi. Alikuwa na gereji pale karibu na stendi, na alikuwa na timu aliyoipenda kuliko mabasi yenyewe. Dereva akigonga gari alisamehewa. Beki akijifunga mwenyewe, mzee hali chakula.

"Wewe Mjaluo," aliniambia siku ya kwanza, "mimi simwahidi mtu nisichoweza. Tukipanda daraja la pili, unaingia gereji. Utashika stoo ya vipuri. Stoo haitaki mbio, hata mguu ukichoka utakula."

"Nimekusikia, mzee."

"Na chumba cha uani kipo. Mlete mkeo."

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiimba. Mke wangu, Rebeka, alikuwa mjamzito, na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza kufika mbali hivyo. Nyumba tuliyokuwa tunakaa ilikuwa ya kiwanda, na mwekezaji alikwisha tuma mtu kutuambia tuihame. Kwa hiyo mnaelewa. Bao kwangu halikuwa bao tena. Lilikuwa paa la nyumba.

Nikafunga. Sijisifu, ila nilifunga kwa kichwa, nikafunga kwa goti bovu, nikafunga hata mvua ikinyesha na mpira hauonekani. Tukafika mechi ya mwisho ya ligi ya mkoa tukiwa wa pili.

Wa kwanza walikuwa Jineri ya Magu, timu ya kiwanda cha kuchambua pamba. Wao sare ilikuwa inawatosha kupanda. Sisi ilikuwa lazima tushinde.

Na kipa wa Jineri alikuwa Nathaniel, mdogo wake Rebeka, tumbo moja.

Jioni ya kuamkia mechi nikasikia hodi. Nikafungua. Nathaniel alikuwa amesimama mlangoni, begani gunia la mchele, mkononi chupa ya samli.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

"Wamefikia gesti, Mabatini. Mimi nimeomba ruhusa. Mama kasema dada asijifungue bila samli ya nyumbani."

Rebeka alikuwa amekwisha mkumbatia kabla sijajibu. Nikamvuta pembeni, jikoni.

"Huyu hawezi kulala hapa. Kesho tunacheza nao."

"Ni ndugu yangu."

"Mimi najua ni ndugu yako. Watu wa Buzuruga wanajua ni kipa."

"Amebeba mchele wa mama toka Magu," Rebeka alisema, "nimfukuze kwa sababu ya mpira? Mama akiniuliza nimjibu nini?"

Kwetu Shirati na kwao Magu ni sheria moja, shemeji hafukuzwi mlangoni. Na mtu anayekaribia kutolewa kwenye nyumba hana jeuri ya kukataa mchele.

Tukala. Katikati ya kula Nathaniel akasema, bila kuniangalia, "Jineri inauzwa, shemeji."

"Na yenyewe?"

"Na yenyewe. Anayeinunua amesema timu ikipanda daraja ataibakiza, na wachezaji watabaki kazini. Isipopanda, haijui timu."

"Mtafanyaje?"

"Tutarudi kulima pamba. Pamba yenyewe msimu uliopita imelala ghalani, haina mnunuzi."

Rebeka alitutazama, mume wake upande huu, mdogo wake upande ule. Akachukua bakuli la mboga akalisogeza katikati. Hatukuzungumza mpira tena mpaka tukalala.

Alfajiri Nathaniel akaondoka. Uani alikuwapo jirani yetu akifagia, mke wa shabiki wetu mmoja mkubwa. Nathaniel akamwamkia kwa heshima zote. Yule mama akaitika, akaacha kufagia, akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

Timu yetu ilikuwa na kamati ya ufundi. Msomaji asidhani ni ufundi wa kupiga pasi. Mkuu wa kamati hiyo aliitwa Luhende, na kazi yake ilikuwa kwenda kwa waganga na kurudi na masharti.

Tulipofika uwanja wa Nyamagana, Luhende akasimama mbele ya basi, mikono ameitanua.

"Getini hapapitiki. Jineri wamefukia vitu. Tunapanda ukuta wa nyuma."

"Luhende," nikamwambia, "mimi goti langu unalijua."

"Goti litapona tukipanda daraja."

Kocha akatazama pembeni. Kocha alikuwa anaajiriwa na kamati, si kamati kuajiriwa na kocha.

Basi tukapanda ukuta, wanaume wazima na jezi zetu, kama wezi wa kuku. Nilipofika juu nikatazama chini, nikajua. Nikaruka. Mguu wa kushoto ulipogusa ardhi nikasikia ndani ya goti kitu kikilia kama kuni kavu.

Aliyeliona hilo ni mtu mmoja, Kashindye. Huyu ndiye aliyekuwa anabeba sanduku la dawa za timu, na siku za kawaida alikuwa utingo kwenye basi la Mzee Shimba. Akanivuta nyuma ya vyoo, akanikalisha, akapapasa goti.

"Limevimba tayari."

"Nifanyeje?"

"Ukisema, wanaanza bila wewe."

"Nisiposema?"

Akalizungushia bendeji mpaka mguu ukafa ganzi, akanivutia soksi juu ili isionekane.

Nikacheza. Nilicheza kwa mguu mmoja na nusu, nikajificha katikati ya mabeki wao, nikawa naelekeza mikono kama mtu mwenye mipango. Kipindi cha kwanza kikapita hakuna kitu. Kipindi cha pili nikapiga kichwa, mpira ukagonga mwamba. Watu wa Buzuruga wakashika vichwa.

Dakika za mwisho winga wetu akaingia na mpira ndani ya boksi, akakatwa mtama. Refa akapuliza, akanyoosha kidole chini.

Penalti.

Uwanja mzima ukaanza kuita jina langu. Penalti zote za msimu ule nilipiga mimi, sikukosa hata moja. Nikatazama benchi, nikamtafuta Kashindye. Kashindye alikuwa ameinama juu ya sanduku lake, anapanga chupa zilizokwisha pangwa.

Nikaweka mpira. Nathaniel akasimama katikati ya goli, akatema mate kwenye glavu. Hakunitazama kama shemeji, na mimi nilimshukuru kwa hilo moyoni.

Lakini alinijua. Nilipokuwa naposa kwao Magu, jioni nyingi tulichezea mpira kwenye uwanja wa ng'ombe wa baba yake, mimi nikipiga, yeye akidaka. Alijua napenda kupeleka kulia kwake. Kwa hiyo nikaamua leo nipeleke kushoto.

Nikakimbia. Nikakanyaga kwa mguu wa kushoto ili nipige kwa wa kulia, na goti likaniacha. Liliniacha kama mtu anavyoachwa na gari. Nikaugusa mpira nikiwa naanguka, ukatambaa katikati ya goli kama kuku mgonjwa.

Nathaniel alikuwa ameshaanza kuruka upande ule aliouzoea. Akajigeuza, akajikokota kwa magoti, akauokota. Hakudaka, waungwana. Aliuokota, kama mtu aliyedondosha kofia yake.

Nikabaki chini, nimeshika goti.

Filimbi ya mwisho ililia nikiwa bado chini. Jineri wakakimbiliana kushangilia. Nathaniel peke yake hakwenda kushangilia. Akaja mbio mpaka nilipokuwa, akapiga magoti, akanikumbatia.

"Pole, shemeji. Pole sana, shemeji wangu."

Hakuwa na ubaya. Ndiyo malezi yake, mkubwa wake akianguka amwinue. Ila alisema hivyo karibu na mashabiki, na neno "shemeji" likasikika, likachukuliwa, likapelekwa mdomo kwa mdomo mpaka kwa waliokaa juu kabisa.

"Shemeji yake! Kipa ni shemeji yake!"

Nilitolewa uwanjani na polisi wawili, mmoja kila upande. Waliosimama mbali walidhani nimekamatwa.

Nyumbani nilimkuta Rebeka amekaa kitandani. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Nikakaa chini, nikafungua bendeji. Goti lilikuwa kubwa kama kibuyu. Akaleta maji ya moto na kitambaa, akaanza kukanda.

Kisha akauliza, taratibu, "Ulimwachia?"

"Nani?"

"Nathaniel. Ulimwachia kwa ajili yangu?"

Nikamtazama mke wangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na macho ya mtu anayetaka kushukuru lakini haelewi kama inafaa.

"Hata wewe, Rebeka?"

Akainamisha uso, akaendelea kukanda.

Kesho yake nikaitwa gereji. Mzee Shimba alikuwa amekaa juu ya tairi, Luhende amesimama pembeni yake. Mafundi wakazima mashine zao wapate kusikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikuiti mwizi, Opiyo," Mzee Shimba akasema. Hakuniita Mjaluo siku ile, na hilo liliniuma zaidi. "Nataka uniambie mwenyewe. Yule kijana alilala kwako?"

"Alilala, mzee. Alileta mchele wa mama mkwe."

"Mchele," Luhende akarudia, akawageukia mafundi.

"Mzee, goti langu lilivunjika tuliporuka ukuta. Tazama."

Nikakunja suruali. Mzee Shimba akainama kutazama. Niliona uso wake unaanza kulegea, nikapata tumaini.

"Uvimbe wa leo huo," Luhende akasema. "Mtu anaweza kujigonga nyumbani. Jana mbona alimaliza mechi?"

"Muulizeni Kashindye. Ndiye aliyenifunga bendeji, nyuma ya vyoo."

Kashindye akaitwa. Akaja anapangusa mikono kwenye ovaroli, tayari hanitazami.

"Kashindye," mzee akamwuliza, "huyu alikuwa mgonjwa kabla ya mechi?"

Mnaona alipobanwa. Akisema ndiyo, watamwuliza kwa nini alificha, kwa nini aliruhusu timu iingie na mgonjwa. Na Luhende ataulizwa habari za ukuta. Na Luhende ndiye aliyemtafutia kazi ya utingo.

"Mimi sikuona goti, mzee," Kashindye akasema.

"Kashindye," nikasema.

"Sikuona."

Mzee Shimba akasimama, akajipangusa nyuma ya suruali. "Basi," akasema. "Nenda, mwanangu. Stendi hii usiipite tena, watu wana hasira. Sitaki uumizwe."

Hakunifukuza kwa matusi. Alinifukuza kwa huruma, na huruma haina pa kuikatia rufaa.

Siku zilizofuata nilijifunza maana ya mtu kuwa gumzo. Mawe yalitua juu ya bati mchana kweupe. Bombani Rebeka alirukwa zamu, wakamwambia, "Mwite mdogo wako akuchotee." Alirudi na ndoo tupu, akaiweka chini, akashika tumbo. Tukaenda zahanati. Muuguzi akampima, akasema apumzike, asibebe kitu, asipewe mawazo. Asipewe mawazo! Nikatamani kumwuliza yanauzwa wapi hayo ya kubadilisha.

Tulipotoka zahanati tukakuta pikapu nyeupe imesimama mlangoni kwetu. Majirani wote walikuwa nje, kila mmoja amejitafutia kazi ya uani.

Akashuka Nathaniel. Akashuka na mtu mnene, mwenye kofia ya pama. Nathaniel akamtambulisha. Alikuwa Maige, mwenyekiti wa Jineri.

"Huyu ndiye," Maige akasema, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Huyu ndiye mshambuliaji wetu."

"Wenu?"

"Mnunuzi ametia sahihi. Timu inabaki. Nikamwambia yuko mtu Mwanza lazima tumchukue. Utakaa nyumba ya jineri, utafanya kazi ghalani, mkeo atajifungua karibu na mama yake. Sisi hatusahau mtu aliyetusaidia."

Nikautoa mkono wangu mikononi mwake.

"Mwenyekiti, mimi sikuwasaidia. Goti liliniacha."

Maige akatazama majirani, akanikonyeza.

"Vizuri," akanong'ona. "Endelea kusema hivyo hivyo."

Nikamgeukia Nathaniel. "Hukuwaambia ukweli?"

"Nimewaambia, shemeji. Nimewaambia mpaka nimechoka. Wanacheka."

Sasa nipeni shauri, nyinyi mnaosoma. Nikipanda gari lile, nimekiri kosa nisilolitenda, mbele ya majirani, mbele ya Buzuruga nzima. Nisipopanda, kuna nyumba isiyo yangu, mawe juu ya bati, na mwanamke aliyeambiwa asibebe hata ndoo. Nilitafuta njia ya tatu. Nilisimama pale naitafuta mpaka Maige akaanza kuangalia saa.

"Opiyo," Rebeka akasema. Alikuwa ameegemea ukuta. "Mimi siwezi kuzaa hapa."

Basi.

Nathaniel alipakia godoro. Akapakia sufuria, meza, na kile kilichobaki cha mchele. Hakuna jirani aliyesaidia, na hakuna aliyeingia ndani. Yule mama wa ufagio akasema, si kwa sauti kubwa, "Si mliona? Gari limekuja kumchukua." Nikamsaidia Rebeka akaketi karibu na Maige aliyekaa kwenye usukani, mimi nikakaa mwisho, upande wa dirisha. Nathaniel akapanda nyuma na mizigo.

Maige alikuwa ameshika ufunguo nilipowaona.

Walikuwa wanakuja kwa miguu, wanakata kona, Mzee Shimba mbele na fimbo yake, Kashindye nyuma yake. Mzee hakuwa mtu wa kutembea, alikuwa na mabasi. Alikuwa ametoka jasho, na usoni alikuwa na ile aibu ya mkubwa anayekwenda kumwomba radhi mdogo. Kashindye alikuwa amelia. Sikuhitaji kuambiwa. Nilijua ameshasema kila kitu, ukuta, bendeji, nyuma ya vyoo, kila kitu.

Mzee Shimba akainua kichwa. Akaliona gari. Akaliona godoro langu juu, na kipa wa Jineri amekaa juu ya godoro.

Akasimama.

Maige naye akamwona, akatoa kichwa dirishani, furaha tupu. "Mzee Shimba! Asante kwa kutulelea mtu wetu."

Niliiona ile aibu ikiondoka usoni mwa mzee kama maji yanayonywewa na mchanga. Akamgeukia Kashindye.

"Rudia," akasema. "Yale uliyoniambia asubuhi. Rudia hapa."

Kashindye akafungua mdomo. Akatazama pikapu, akatazama majirani waliokuwa wanasogea, akanitazama mimi niliyekaa kwenye kiti cha mbele cha gari la Jineri. Akaufunga mdomo, akarudi nyuma hatua moja.

Mzee Shimba akaja mpaka kwangu, akashika mlango.

"Shuka, Opiyo. Shuka uniambie mwenyewe, na nikikuamini leo, sitauliza tena."

Nikaweka mkono kwenye kitasa. Upande wa pili, vidole vya Rebeka vikakamata shati langu, vikakaza, na nilipomgeukia nikaona anauma midomo, jasho linamtoka, mkono mwingine uko chini ya tumbo.

"Usishuke," akasema. "Opiyo, mtoto anakuja."

Maige akawasha gari.

Itaendelea wiki ijayo.